Ncha Ipi Ina Baridi Zaidi?

Mtu aliyenifundisha kwamba Ncha ya Kusini ina baridi kali kuliko Ncha ya Kaskazini alikuwa anaogopa baridi ya Tukuyu kuliko alivyoogopa mamba. Mamba angemtupia jiwe, akaendelea kuoga. Lakini akiambiwa kuna semina ya siku mbili Tukuyu, alianza kuaga majirani tangu Jumatano. Alikuwa na sweta moja la rangi ya udongo, alilihifadhi kwa ajili ya huko tu, na akirudi Kyela alilivua palepale stendi, akaanza kuwasimulia wapita njia jinsi alivyoponea chupuchupu. Mtu huyohuyo, asubuhi yake darasani, angekuelezea barafu yenye unene wa mlima na upepo unaong'oa mahema, macho yakimng'aa kama anasimulia harusi yake.

Wengine wakiandika habari za mtu huanza na alizaliwa wapi, mtoto wa nani, ukoo upi. Mimi sianzi hivyo. Ukoo wake haukunifundisha kitu. Na jina lake siliandiki, kwa sababu limeshaandikwa katika karatasi isiyostahili, na chini ya karatasi hiyo kuna sahihi yangu. Hilo ndilo linaloniwasha. Nilikuwa na neno moja la kusema, fupi tu, ambalo yeye mwenyewe alinifundisha nikiwa na miaka kumi na moja, na siku lilipohitajika nikalimeza. Basi nitamwita kama tulivyomwita sote, kuanzia Talatala hadi Ndandalo: Mwalimu wa Jiografia. Somo lenyewe lilibadilishwa jina, likaunganishwa na mengine, likatenganishwa, likaunganishwa tena. Yeye akabaki Mwalimu wa Jiografia.

Kwanza nieleze kosa letu, maana bila hilo hamtamwelewa.

Sisi watoto wa Kyela hatukuzaliwa na kaskazini na kusini. Nyumbani tulikuwa na juu na chini. Juu, kumwanya kwa Kinyakyusa, ni kule Tukuyu, mlima Rungwe, chai, ukungu, watu waliovaa makoti. Chini ni huku kwetu, mpunga, kakao, joto la kukufanya ulale barazani, na chini kabisa ni ziwa. Ukipanda unasikia baridi, ukishuka unatoka jasho. Sasa shuleni ukiambiwa kwamba kule Rungwe ndiko kaskazini na ziwani ndiko kusini, unafanya hesabu yako ya kitoto haraka sana: kaskazini ni juu, juu ni baridi, kusini ni chini, chini ni joto. Na ramani ukutani inakuunga mkono, maana kaskazini imepewa nafasi ya juu na kusini imesukumwa chini sakafuni.

Kwa hiyo siku ya kwanza alipouliza, "Nani ataniambia, Ncha ya Kusini ikoje?" nilinyoosha mkono mpaka nikainuka kwenye dawati. Nikasema kwa sauti, "Kuna joto, Mwalimu!"

Darasa zima likasema ndiyo, kuna joto.

Hakunichapa. Katika shule yetu, mwalimu kutokuchapa ilikuwa jambo la kutisha zaidi, hujui kinachokuja. Aliuliza tu, "Nani kakwambia?"

"Iko chini, Mwalimu."

"Ahaa. Iko chini ya nini?"

Nikaionyesha ramani kwa kidole. Akaenda ukutani, akaing'oa ramani ya dunia pamoja na misumari yake, akaitandika sakafuni katikati ya darasa. Akaizungusha taratibu mpaka upande wa kaskazini ukaelekea Rungwe na wa kusini ukaelekea ziwani. Kisha akasimama kando, ameridhika, akatoa usemi ambao tulikuja kuusikia mpaka tukauchoka: "Ramani imetundikwa ukutani. Dunia haijatundikwa."

Tangu siku ile ramani ya darasa letu ilikaa chini. Tuliikanyaga peku, ukivaa ndala ulifukuzwa Afrika. Alikuja mkaguzi, akakuta watoto wamekaa juu ya Brazili wanaandika. Akapiga kelele kwamba mali ya serikali inakanyagwa. Mwalimu akamjibu, "Mali ya serikali ni karatasi. Dunia yenyewe tunaikanyaga kila siku na hujawahi kulalamika." Mkaguzi akaandika kitu kirefu katika daftari lake. Mwalimu hakuwa na adabu kwa wakubwa, na sidai kwamba hilo lilikuwa jema. Lilimgharimu.

Jinsi alivyotufundisha zile ncha mbili, mimi nikiwa mwalimu kwa miaka yote hii sijawahi kuona wa kumfikia. Alianza na chakula, maana alijua tumetoka nyumbani na njaa. "Ncha ya Kaskazini," alisema, "ni sufuria ya maziwa yaliyochemka, yakaachwa. Juu kuna nini?" Utando! "Haya. Ule utando ndio barafu. Chini yake si ardhi, ni bahari tupu. Na sufuria yenyewe, zile kingo, ndizo nchi za watu zinazoizunguka. Ukisimama kwenye ncha yenyewe umesimama kwenye utando." Na Ncha ya Kusini? Ilikuwa sinia la wali. "Wali umerundikwa katikati, mchuzi umezunguka pembeni. Wali ni nchi kavu, bara zima. Mchuzi ni bahari. Huku maji yapo katikati na nchi pembeni, kule nchi ipo katikati na maji pembeni. Mmeelewa, au mnatazama wali?"

Tulikuwa tunatazama wali.

Kisha akatutoa nje, akatupanga. Mara ya kwanza tukashikana mikono kuwa duara, sisi ndio nchi, na katikati patupu, bahari. Mara ya pili kumi wakajibana katikati, ndio bara, na sisi wengine tukawazunguka tukiyumba, ndio mawimbi. Ukikosea nafasi yako unarudia. Wazazi wakipita njiani walidhani tunafundishwa ngoma, na mmoja akaenda kulalamika kwamba hakumleta mwanawe shule acheze.

Halafu ndipo akatoboa lile jipu letu la juu na chini. Ilikuwa siku ya joto kweli, jasho linatudondokea kwenye madaftari. Akasema, "Wanangu, akili yenu ni nzuri, ila mmeielekeza vibaya. Mnasema juu kuna baridi. Sawa! Nani alisema si kweli? Basi nisikilizeni. Ncha ya Kaskazini ni utando juu ya maji, uko usawa wa bahari, chini kabisa. Na yale maji chini ya utando yanatunza joto lake kidogo, kama chungu kilichofunikwa. Hiyo ndiyo Kyela. Ncha ya Kusini ni nchi kavu iliyoinuka, na juu yake barafu imerundikana, imerundikana, hata milima yetu ya Ukinga ukiizika humo huenda vilele visionekane. Hiyo ndiyo Tukuyu. Kaskazini ni Kyela, Kusini ni Tukuyu. Sasa wapi kuna baridi zaidi?"

Tukapiga kelele wote, "Kusini!" Na mimi niliyekosea nilipiga kelele kuwashinda wote. Mpaka leo naisikia sauti yangu.

Mengine yalikuja kidogokidogo. Kwamba kaskazini kuna watu, wamezaliwa huko na bibi zao wamezikwa huko, na kusini hakuna mwenyeji hata mmoja, wapo wataalamu tu wanaokwenda kupima na kurudi. Kwamba sisi tukivuna mpunga mwezi wa sita, kule kaskazini jua halizami na kule kusini halichomozi, na ikifika Krismasi wanabadilishana. Kwamba dubu weupe wako kaskazini, pengwini wako kusini, na hawajawahi kuonana tangu kuumbwa. Hili la dubu na pengwini alilipenda mno. Akaligeuza msemo. Ukimuuliza habari za kupandishwa cheo alijibu, "Mimi na cheo ni dubu na pengwini." Mume na mke waliokuwa hawasemeshani pale jirani, dubu na pengwini. Hata leo Ndandalo kuna wazee wanaosema hivyo, na hawajui wametolea wapi.

Barafu yenyewe hakuwahi kuiona, zaidi ya ile ya wauza samaki. Siku moja akapanda baiskeli mpaka kwa wanaopakia samaki aina ya mbasa kwenda Mbeya, akaomba bonge la barafu, akalifunga kwenye gunia na pumba za mpunga, akalikimbiza mpaka shuleni. Likafika limebaki nusu, akalivunja vipande viwili. Akachukua vyungu viwili vya dada yake, maana dada yake ni mfinyanzi huko ziwani. Cha kwanza akakijaza maji, akaweka kipande kimoja cha barafu kielee mpaka maji yakafika ukingoni. Cha pili akaweka jiwe, akamimina maji mpaka ukingoni, akaweka barafu juu ya jiwe. Akatuambia tukae tuangalie, tusiguse. Tukakaa. Barafu ikayeyuka. Chungu cha kwanza maji yakabaki palepale, hata tone halikumwagika. Cha pili yakafurika, yakalowanisha meza na daftari la mahudhurio.

"Mmeona? Barafu ya kaskazini inaelea, ikiyeyuka bahari haiinuki kwa ajili yake. Barafu ya kusini imekaa juu ya nchi kavu. Ile ikiyeyuka, watu wa pwani wahame."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Kumbe ndiyo maana Kyela tunafurika kila mwaka?"

"Hapana! Kyela inafurika kwa sababu mvua inanyesha Rungwe na mito inatushukia. Usimsingizie asiyehusika."

Usimsingizie asiyehusika. Alikuwa akilisema hilo kwa watoto waliosukumiana makosa ya kuvunja kioo, na kwa walimu wenzake pia. Ningekuwa na akili ningeliandika kwenye kiganja.

Msidhani namfanya malaika. Alikuwa na kiburi cha kutosha kijiji. Alipenda kusifiwa, na usipomsifu alijisifu mwenyewe, akakutazama kama umemnyima maji. Mwalimu mgeni, kijana wa watu katoka chuoni, alisema ofisini kwamba pengwini ni mnyama. Mzee akamshika hapohapo, "Mnyama gani anataga mayai? Hebu nifafanulie," mbele ya wazazi waliokuja kuandikisha watoto, mpaka yule kijana akatoka nje machozi yanamlenga. Nilimwambia baadaye kwamba haikuwa vizuri. Akasema, "Atalia leo, kesho hatakosea." Kanisani alikuwa balaa. Mchungaji, katika mahubiri ya uumbaji, akasema Mungu aliwaweka dubu na pengwini pamoja kule kaskazini kwenye barafu. Mzee akajizuia, akajizuia, mkewe akamshika koti, haikusaidia. Akasimama katikati ya ibada: "Mchungaji, samahani, pengwini ni wa kusini. Endelea." Akakaa. Watu walicheka mpaka sadaka ikachelewa, na mchungaji alikaa miezi bila kumpa mkono.

Basi hata lilipomkuta lililomkuta, wapo waliosema, "Alizidi. Alijifanya anajua." Jamani! Si kwamba alijifanya. Alikuwa anajua.

Nilikuja kuwa mwalimu mimi pia, kwa sababu yake, hilo nalisema wazi. Nikapangiwa shule nyingine, yeye akaendelea palepale. Na huku kwetu shule jirani hutungiana mtihani wa pamoja kuwapima watoto wa darasa la saba kabla ya ule wa mwisho. Mtihani huo unaitwa wa ujirani mwema. Ndilo jina lake, sikulitunga mimi.

Mwaka ule tulikusanyika Ipinda kusahihisha. Kila mwalimu alipewa maswali yake, na mimi nikaangukiwa na la kumi na nne. Swali: Ncha ipi ya dunia ina baridi zaidi? Toa sababu moja. Alama mbili. Nikafungua mwongozo wa kusahihishia. Umepigwa chapa vizuri, una muhuri. Jibu: Ncha ya Kaskazini, kwa sababu iko juu.

Nilicheka kidogo peke yangu. Aliyeutunga alikuwa mwenyekiti wetu wa usahihishaji, mwalimu mkuu wa siku nyingi, mtu mzima mwenye kitambi na miwani, lakini mtoto wa Kyela kama sisi. Lile kosa letu la utotoni alikuwa amekua nalo, akaoa nalo, akapanda nalo cheo, na sasa lina muhuri.

Asubuhi ileile, kabla hatujaanza, alikuwa amenivuta kando. "Binti, jina lako limekwenda. Shule ile inahitaji mkuu. Tulia tu." Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga fijo, nikapiga goti kidogo.

Nikaanza kusahihisha. Shule hii wameandika Kaskazini, tiki. Shule ile Kaskazini, tiki. Nikafika kwenye bunda la shule ya Mwalimu wa Jiografia. Kusini. Kusini. Kusini, kwa sababu ni nchi kavu iliyoinuka. Kusini, kwa sababu kaskazini ni utando. Mmoja akaandika, Kusini, kwa sababu ndiyo Tukuyu. Darasa zima. Kalamu nyekundu ikanigandia mkononi. Nikainuka, nikampelekea mwenyekiti, nikijua kabisa, na nikamwambia, "Mkuu, hawa wamejibu tofauti."

Tofauti! Ndilo neno nililolipata. Sikusema wamejibu sahihi.

Akapitia karatasi, akakunja uso. "Watoto darasa zima hawawezi kukosea kwa namna moja. Hawa wamepewa jibu. Huu ni udanganyifu."

Mzee alikuwa meza ya pili, anasahihisha maswali ya mito. Akasikia. Akaja, akaomba mwongozo, akausoma, akausoma tena. "Nani kaandika hiki?"

"Mwongozo umeshapitishwa, Mwalimu."

"Umepitishwa na nani? Na baridi yenyewe?"

Wengine wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema watu wasipoteze muda, kama mzee ana ushahidi aulete. Vitabu vya shule tulikuwa navyo pale, na hakuna kimoja kilichosema lolote kwa uwazi. Mzee akatazama huku na huku, akaniona. Uso wake ukafunguka. Naapa, ukafunguka kabisa, kama mtu aliyeona ndugu yake stendi ya mbali.

"Huyu hapa! Huyu nilimfundisha mwenyewe, na alianza kwa kosa hilihili. Mwanangu, waambie. Ncha ipi ina baridi zaidi?"

Walimu wote wananitazama. Mwenyekiti ananitazama juu ya miwani. Nilikuwa nalijua jibu kama ninavyojua jina la mama yangu.

Nikasema, "Mimi nasahihisha kwa kufuata mwongozo, Mwalimu."

Hakufoka. Mtu aliyemkatiza mchungaji katikati ya mahubiri, hakufoka. Alisema, "Ndaga," akarudi kwenye meza yake, akafunika kalamu yake, akakaa mikono mapajani mpaka saa kumi.

Taarifa ya udanganyifu iliandikwa jioni hiyohiyo, na msahihishaji wa swali alitakiwa kusaini. Nikasaini. Mwandiko wangu mzuri, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika bila kukandamiza kalamu.

Matokeo ya watoto wake yakafutwa. Wakaitwa wezi wa mtihani njiani, gengeni, hadi kisimani. Yeye akaondolewa darasani kabisa, akakabidhiwa stoo: majembe, makwanja, ndoo, funguo. Alimalizia utumishi wake hivyo. Ramani ikarudishwa ukutani. Na mimi nikapata ukuu wa shule, na kiti kinachozunguka, na watu waliniambia nimestahili.

Baada ya hapo kikaja kitabu kipya. Ukurasa mzima kuhusu ncha mbili za dunia, na picha, na maneno yaleyale ya mzee karibu neno kwa neno, isipokuwa wali. Kusini ni bara, Kaskazini ni bahari, Kusini ina baridi zaidi. Katika kikao, mwenyekiti akasema bila kuinua kichwa, "Kuna marekebisho madogo katika mwongozo wetu, swali la kumi na nne." Tukatoa kalamu, tukakata, tukaandika juu yake. Mimi nilitumia rula. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Tukaenda kwenye ajenda ya chakula cha mchana shuleni.

Nilikaa na hilo muda mrefu kuliko nilivyodhani ningeweza. Mwishowe, Jumamosi moja, nikapanda bodaboda kutoka Ipinda hadi gulio la ziwani, ambako akina mama Wakisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Nilijua amehamia kwa dada yake. Nikamkuta amechuchumaa kati ya vyungu, anavipanga vidogo ndani ya vikubwa na kuweka nyasi katikati visigongane. Amekonda. Mikono imechafuka udongo mwekundu.

"Ugonile, taata," nikamsalimu kwa Kinyakyusa, kama binti anavyomsalimu baba.

Akaitikia bila kuinuka. "Mwalimu mkuu. Umekuja kununua au kukagua?"

"Nimekuja kwa ajili ya lile jambo."

"Mambo ni mengi. Hilo lina jina?"

"Swali la kumi na nne."

Akaweka chini chungu alichokuwa nacho, taratibu. Dada yake alitutazama, akasogea kwa wateja wengine. Mzee akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya. Ncha ipi ina baridi zaidi?"

"Ya Kusini, Mwalimu."

"Toa sababu."

"Ni nchi kavu iliyoinuka, imerundikiwa barafu. Ya Kaskazini ni bahari yenye utando, na maji yaliyo chini yanatunza joto."

"Mbili kwa mbili. Na siku ile ulikuwa unalijua?"

Ningeweza kudanganya. "Nilikuwa nalijua."

"Afadhali ungesema ulisahau. Aliyesahau namfundisha tena, ndiyo kazi niliyosomea. Wewe nikufundishe nini?"

Machozi yakanitoka. Nikasema nisamehe, taata, nilikuwa naogopa, walikuwa wameniahidi shule. Akaniachia nikaongea mpaka nikaisha. Kisha akaanza kusema, na sauti yake haikuwa ya kunigombeza, ningependa ingekuwa.

"Unadhani mimi nililia kwa ajili ya stoo? Stoo kulikuwa na kivuli. Nikwambie kitu. Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, wale watoto walinifuata stoo. Walikuwa wameambiwa wasinisogelee, wakaja wakijifanya wanafuata ndoo. Kabinti kamoja kakaniuliza, 'Mwalimu, swali lile likija tena, tuandike la kweli au la mwongozo?'" Akakwangua udongo kwenye kucha. "Unajua nilijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Niliwaambia waandike Kaskazini. Kwa sababu iko juu. Kwa mdomo wangu huu. Nikawaambia wasiwe wajinga, watafeli. Wakaitikia ndiyo Mwalimu, wakachukua ndoo, wakaenda. Swali lenyewe halikuja. Lakini mimi nilishasema."

Nilisema tena nisamehe, kwa sababu sikuwa na neno jingine.

"Mimi unaniomba hapa mbele ya vyungu. Ulinyamazia wapi?"

"Kikaoni."

"Basi kaseme hukohuko. Wataje wale watoto. Waambie hawakuiba."

Nikasema nitasema. Nikanunua chungu, nadhani kwa aibu ya kuondoka mikono mitupu. Alinichagulia mwenyewe, akakigonga kwa kidole akasikiliza mlio, akakifunga kwa jani kavu la mgomba. Nilikipokea kwa kukishika shingo.

"Chini, chini! Shika kitako. Ukishika juu utafika na shingo tupu."

Nikakishika chini, nikasema ndaga, taata. Alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Kile chungu kipo juu ya kabati ofisini kwangu, kizima. Wageni wakiuliza nasema ni cha maua. Vikao vya wilaya vimeshapita viwili tangu siku ile. Katika cha kwanza ajenda zilikuwa nyingi. Katika cha pili nilinyoosha mkono, mwenyekiti akanipa nafasi, nikasimama, nikauliza kuhusu madawati. Kingine ni Ijumaa.